Soksi ya Kushoto

Picha ilitoka safi, siwezi kuikana:
kila tone la umande kwenye migomba ya Kimilili,
kila mshono wa joho la kwaya.
Ila Mama Nasambu aliposimama kumuaga mumewe
upepo uliteremka kutoka Mlima Elgon,
ukamtangulia, ukahutubia kwa niaba yake:
vuuu. Vuuu. Na nyuma ya vuuu, jenereta.

Siku ya tisa akaja dukani, flashi kaifunga kwenye leso.
"Nauona mdomo wangu," alisema, "unafunguka, unafumba,
kama wa kambare kwenye beseni.
Nilisema nini, kijana?
Mimi mwenyewe sikumbuki."

Kamera ilikuwa bado na deni la miezi saba.
Lenzi, mkopo. Taa, mkopo.
Sauti niliiachia Mungu
na kile kitundu cha ubavuni, chembamba kama cha sindano.
Nilimrudishia elfu mbili. Akaziacha kaunta,
akaondoka na flashi yake bubu.

Elfu mbili hizo ndizo zilizonisomesha.
Mia tatu hamsini: maiki ya kubana kwenye kola,
kwa Barasa wa chaja, aliyeapa kuwa ni ya Japani.
Mia moja: waya. Zilizobaki nilizila, sitadanganya.
Sifongo nililikata kwenye godoro langu, upande wa miguu.
Usiku baada ya usiku nikajirekodi,
nikajifunza yale ambayo jicho halikuwahi kuniambia:
kwamba friji huimba,
kwamba mabati huguna yakipoa,
kwamba chumba kitupu kina mdomo mpana
nacho hukoma maneno ukikitundikia blanketi tatu;
kwamba kamera ikae mbali itakavyo,
maiki isivuke shubiri mbili kutoka kidevuni.
Hatua moja ya kusogea yashinda shilingi elfu kumi.
Na upepo, mgeni asiyepiga hodi,
ivalishe maiki soksi, utapita kando.

Mwezi wa Agosti nikaenda kwake.
"Tuseme upya, mama."
"Mtu hazikwi mara mbili," akajibu.
Lakini mlango hakuufunga.

Tukafukuza kuku. Redio ya jirani tukainyamazisha
kwa mandazi mawili na ahadi ya la tatu.
Dirisha halikuwa na kioo; nikavua kiatu, nikavua soksi.
"Ni safi?" akauliza.
Nikasema ni safi.
Nikapiga kofi moja mbele ya lenzi
ili picha na sauti zije kutambuana baadaye.
Akashtuka, kisha akacheka,
kicheko ambacho kwenye matanga hakikuwa na pa kukaa.

Halafu akasema. Haikuwa hotuba.
"Lusweti hajarudisha toroli," alimwambia.
"Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja anachechemea.
Na ule ufunguo uliosema nimeupoteza mimi,
ukaninunia wiki nzima,
ulikuwa kwenye koti lako la kahawia. Siku zote."

Akanyamaza.
Mimi huiacha mashine iendelee nusu dakika,
kimya cha chumba, cha kutilia viraka.
Masikioni nilisikia pumzi yake,
kidole kikikwaruza kanga,
tone la kwanza likiulizia bati.
Kisha bati lote.

Tukakaa tu. Mvua ya Agosti haina blanketi lake.
Alinimiminia chai, nami nikasahau kuzima,
ndiyo maana sehemu ya mwisho ya ile kanda
ni vijiko, na mvua, na yeye akiniuliza kama nimeoa.

Nilifika lami ndipo nikagundua:
maiki ninayo mfukoni,
soksi imebaki mezani kwake,
na kiatu cha kushoto kinateka tope.
Sikurudi.
Wiki iliyofuata akatuma mtoto,
si na soksi, na ujumbe:
"Mama anasema ile ya mvua usiikate."